Maisha ya Abu Rayhan al-Biruni, Aliyewachungua Watu kwa Insafu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikilie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika vijitabu vyetu hivi tumezoea kukusimulia maisha ya mafakihi, na wapokezi wa hadithi, na watu wa ibada. Safari hii nimependa kukusimulia maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa zaidi na watu wa ilimu ya falaki na hisabu. Walakini kazi yake tuliyo na haja nayo zaidi leo si ile ya nyota; ni kazi yake ya kuwachungua wanaadamu. Alitaka kujua kwa nini watu wa kaumu moja huwadharau watu wa kaumu nyingine, na kwa njia gani mtu hupata kumjua jirani yake kama alivyo, si kama anavyosimuliwa na adui zake.

Sababu iliyonituma kuandika ni jambo lililotokea chuoni kwangu. Aliletwa mtoto kutoka bara, ambaye baba yake alihamia mjini kwa kazi. Herufi za halki zilimpa taabu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Wenziwe wakamcheka, wakamwigiza, wakampa jina la mzaha. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, siku ile ya kwanza nilitabasamu pamoja nao. Mtoto hakulia wala hakushitaki. Alinyamaza tu, na tangu siku hiyo akawa hafungui kinywa illa nikimlazimisha. Usiku wake nilifunua vitabu nikitafuta la kuwaambia wanafunzi wangu, nikamkuta al-Biruni. Nikaona ya kwamba maneno yake yananihusu mimi kwanza kabla ya watoto.

Kuzaliwa kwake na malezi yake

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwezi 3 Dhul-Hijja mwaka 362 wa Hijra, yaani tarehe 4 Septemba 973, katika mji wa Kath, uliokuwa mji mkuu wa nchi ya Khawarizm. Nchi hiyo iko kusini ya bahari ya Aral, kando ya mto ambao Waarabu waliuita Jayhun na leo huitwa Amu Darya. Sehemu ile sasa imo katika dola ya Uzbekistan, na mji ulioko huko umepewa jina lake.

Neno birun katika Kifarsi maana yake ni nje, na jina la al-Biruni hupewa mtu wa pembezoni mwa mji, asiyekaa ndani ya boma. Basi kwa jina lake tu alikuwa mtu wa nje, na maisha yake yote yakawa hivyo. Lugha aliyonyonya kwa mama yake ilikuwa Kikhawarizmi, lugha iliyokwisha kufa zamani, ambayo hata katika siku zake haikuwa lugha ya ilimu. Kiarabu na Kifarsi alijifunza, na katika uzee wake aliandika ya kwamba katika lugha zote mbili hizo yeye ni mgeni aliyeingia.

Alipokuwa mdogo alifika katika nchi yao mtu wa Kirumi, yaani Myunani. Mtoto Muhammad akawa akimpelekea mbegu, na nafaka, na matunda, na mimea, akimwuliza kila kimoja kwao kinaitwaje, kisha akiandika majina yale. Tazama, msomaji, jinsi mtoto huyu alivyompokea mgeni. Hakumcheka kwa kutojua majina ya vitu kwa lugha ya Khawarizm. Alimfanya mwalimu wake kwa vitu vile vile alivyokuwa akiviona kila siku shambani na sokoni.

Ilimu ya hisabu na falaki aliisoma kwa Abu Nasr Mansur, wa ukoo wa Banu Iraq uliokuwa ukitawala Kath. Mwalimu huyu alimpenda, akamfungulia milango ya ilimu ingawa kijana hakuwa wa nasaba ya wafalme. Alipokuwa na umri wa miaka 17 tu, al-Biruni alipima kwa jua umbali wa mji wake kutoka katika mstari wa Ikweta.

Kutoka kwake kwao

Mwaka 995 vita viliingia. Amiri wa mji wa Gurganj, ulioko kaskazini ya nchi hiyo hiyo, aliwapindua Banu Iraq akatwaa ufalme wote. Al-Biruni alikuwa na umri wa miaka 22. Akaacha vyombo vyake vya kupimia akakimbia.

Katika kutangatanga kwake alifika Rayy, mji uliokuwa mahali karibu na Tehran ya leo. Alikuwa maskini, hana mlezi wala mwenyeji. Huko alizungumza na mtu mmoja mwenye kujua ilimu ya nyota juu ya masala fulani, na mtu yule akamdharau kwa sababu ya ufukara wake, akayakataa maneno yake. Baadaye hali ya al-Biruni ilipokuwa njema, mtu yule yule akawa rafiki, akaungama ya kwamba yale maneno ni kweli. Masala hayakubadilika, kilichobadilika ni nguo ya msemaji. Al-Biruni alikiandika kisa hiki bila ya matusi, kama mtu aandikaye aliyoyaona katika nyota: hivi ndivyo nafsi ya mwanaadamu inavyokwenda, kwamba humpima msemaji kabla ya kuyapima maneno.

Mwaka 997 alikuwa amerejea Kath, na huko akatazama kupatwa kwa mwezi. Alikuwa ameagana na Abu al-Wafa, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad, naye atazame usiku ule ule kwao. Kwa kulinganisha saa za miji miwili wakapata kujua umbali uliopo baina yake kwa upande wa mashariki na magharibi. Watu wawili waliokuwa mbalimbali wakatazama kitu kimoja, kila mmoja kutoka mahali pake, na kwa tofauti ya waliyoyaona wakaipata hakika ambayo mmoja wao peke yake asingaliipata. Nadhani hili lilimkaa moyoni, kwa maana ndiyo njia aliyoitumia baadaye katika kuwajua watu.

Kitabu chake cha taarikh za kaumu

Karibu na mwaka 1000 alipata hifadhi kwa Amiri Qabus bin Wushmagir wa Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, akamwandikia kitabu kiitwacho al-Athar al-Baqiya, yaani mabaki yaliyosalia ya karne zilizopita. Ndani yake alikusanya namna kaumu mbalimbali zinavyohesabu miaka yao na miezi yao, na sikukuu zao na sababu zake: Waajemi, na watu wa Sughd, na Wakhawarizmi, na Mayahudi, na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na Masabii, na Waarabu wa kabla ya Uislamu, na Waislamu.

Mwanzo wa kitabu alieleza ya kwamba mwenye kutaka kujua khabari za kaumu hana budi kwanza kuisafisha nafsi yake. Alizihesabu ndwele zinazompofua mtu: mazoea aliyokulia, na taasubi ya kundi lake, na kushindana, na kufuata matamanio, na kutaka ukubwa. Ndwele hizi, kama unavyoziona, zote zimo kwa mtazamaji, wala hakuna hata moja iliyo kwa mtazamwa. Kwa hivyo alianza ilimu ya watu wengine kwa kujichungua mwenyewe.

Kuchukuliwa kwake Ghazna

Kisha akarudi Khawarizm, akawa mshauri wa mfalme mpya wa Gurganj, wa ukoo ule ule uliompindua mwalimu wake. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizm, akawachukua wanavyuoni wake kama vile mshindi achukuavyo mali. Al-Biruni alikuwa mmoja wao, na mwalimu wake Abu Nasr pia. Akapelekwa Ghazna, mji ulioko katika Afghanistan ya leo, naye hakwenda kwa khiari yake. Umri wake ulikuwa miaka 44.

Sultani Mahmud alikuwa akishambulia Bara Hindi mara kwa mara, na tangu hapo al-Biruni akapata njia ya kufika pande za Punjab. Katika ngome ya Nandana, ambayo sasa imo katika Pakistan, alipanda mlima na kupima jinsi upeo wa macho unavyoinama, na kwa kipimo hicho akahesabu ukubwa wa dunia, akapata hesabu iliyo karibu sana na ile ijulikanayo leo.

Mwaka 1026 majeshi ya Sultani yalilivunja hekalu la Somnath, pwani ya Gujarat. Al-Biruni alipoandika khabari za mahali pale hakuishia kwenye sanamu lililovunjwa. Alieleza pia kwa nini pakawa mashuhuri: palikuwa bandari ya mabaharia, na kituo cha wenye kusafiri baina ya Sufala ya nchi ya Zanj na Uchina. Zanj ndiyo pwani yetu hii ya Afrika. Kwa hivyo miaka karibu 1000 iliyopita jina la nchi zetu liliandikwa katika kitabu hicho kwa sababu ya pepo za msimu na biashara iliyowakutanisha watu wa dini na rangi mbalimbali katika bandari moja.

Alivyowaendea Wahindu

Fikiri hali yake. Alikuwa mtu wa Sultani, hata kama ni kwa kulazimishwa, na Wahindu walikuwa watu walioshambuliwa na Sultani yule. Angaliweza kukaa Ghazna akaandika aliyoyasikia kwa askari na wafanya biashara, na watu wa kwao wangalimsadiki. Hakufanya hivyo. Aliingia kusoma Kisanskriti, lugha ya ilimu ya Wahindu, baada ya kupita umri wa miaka 40. Alitoa mali yake kununua vitabu, na kuwaita kutoka mbali wanavyuoni wa Kihindu wenye kuvifahamu.

Aliungama ya kwamba lugha ile ilimpa taabu kubwa. Kitu kimoja kina majina mengi, na jina moja lina maana nyingi, na zimo sauti ambazo ulimi wake haukuzizoea na sikio lake halikuzitenga. Alikuwa akilichukua neno kutoka katika vinywa vyao, akilisahihisha kwa juhudi, kisha akiwarudishia, nao wasilitambue illa kwa shida. Hapa, msomaji, nilisita nikafunga kitabu. Mwanachuoni huyu mkubwa, aliyepima dunia, alikuwa mbele ya wale Wahindu kama yule mtoto wa bara mbele yangu: anasema kwa bidii, na watu hawamtambui asemavyo.

Alisimulia ya kwamba hapo kwanza alikaa mbele ya wanavyuoni wao wa nyota kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, kwa kuwa alikuwa mgeni asiyejua istilahi zao. Alipokwisha kufahamu kidogo, ndipo alipoanza kuwaeleza hoja na njia za hisabu alizozijua yeye. Wakastaajabu, wakamjia kutoka kila upande, wakimwuliza ni kwa mwalimu gani wa Kihindu alikopata ilimu ile. Na wengine karibu wamdhanie mchawi. Akafasiri kwa Kiarabu vitabu vya falsafa yao, kimojawapo ni cha Patanjali. Naye kwa upande wake akawa akiwatilia katika Kisanskriti kitabu cha handasa cha Euclid, na cha falaki cha Ptolemy, na maelezo yake juu ya asturlabu. Hakuchukua bila ya kutoa.

Vizuizi alivyovitaja

Mwaka 1030, alipokwisha kufa Sultani Mahmud, al-Biruni alimaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi, chenye milango 80. Katika mlango wa kwanza, kabla ya kusema lolote juu ya itikadi au desturi, alichungua mambo yanayowatenga Waislamu na Wahindu hata wasifahamiane.

La kwanza ni lugha, na tumekwisha kuitaja. La pili ni dini, kwa kuwa yale wanayoyaamini hawa hayaaminiwi na wale. Na Wahindu humhesabu mgeni kuwa najisi, hawali naye wala hawaketi naye. La tatu ni desturi za mavazi na mwenendo, hata ikawa huwatisha watoto wao kwa kututaja sisi. La nne ni vita. La tano ni kibri, yaani kuamini ya kwamba hakuna nchi illa yao, wala wafalme illa wao, wala ilimu illa yao.

Katika jambo la nne alisema maneno ambayo si kila mtu wa baraza la mfalme angaliyasema. Aliandika, hali yuko Ghazna katika dola ya ukoo wa Mahmud, ya kwamba Mahmud aliiharibu neema ya nchi ile, na watu wake wakawa kama vumbi lililotawanywa, na ilimu zao zikakimbilia Kashmir na Banaras na mahali pengine ambapo mikono yetu haifiki. Kwa sababu hiyo, alisema, chuki yao juu ya Waislamu imetia mizizi. Yaani hakusema ya kwamba Wahindu wanatuchukia kwa kuwa twabia yao ni mbaya. Aliitafuta sababu ya chuki, akaiona nyingine iko mikononi mwa watu wake mwenyewe, akaiandika.

Na katika jambo la tano alikuwa na insafu zaidi. Baada ya kuwalaumu Wahindu kwa kibri, alisema ya kwamba haki inamlazimu kuungama ya kuwa kuwadharau wageni si jambo lao peke yao, bali limo kwetu pia, na ni la kaumu zote. Wataalamu wa karne zetu hizi wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1906 Mmarekani William Graham Sumner aliandika ya kwamba kila kundi la watu hujiweka katikati ya ulimwengu na kuwapima wengine kwa kipimo chake. Al-Biruni alikuwa amekwisha kuliona miaka karibu 900 kabla yake, na alianza na nafsi yake.

Insafu yake katika kueleza

Aliahidi ya kwamba kitabu chake si cha kubishana. Atawataja Wahindu kwa maneno yao, kisha ataweka kando yake maneno ya Wayunani, na ya masufi, na ya baadhi ya Wakristo, yanayofanana nayo, ili msomaji aone ujamaa uliopo baina ya fikira za watu. Alichukizwa na waandishi waliozieleza dini za wengine kwa kuziharibu ili wapate kuzishinda.

Alipofika kwenye ibada ya masanamu alitenga baina ya wanavyuoni wa Kihindu, ambao alisema humwamini Mungu mmoja asiye na mwanzo wala mwisho, na watu wa kawaida, ambao mioyo yao huvutwa na kinachoonekana kwa macho. Na ili msomaji wake asijione bora, alisema ya kwamba hata kwetu, mtu asiye na ilimu akionyeshwa picha ya Makka na Al-Kaaba, ataibusu kwa furaha kana kwamba yuko pale penyewe. Hakusema hivyo ili kuhalalisha sanamu. Yeye alikuwa Mwislamu thabiti. Alitaka kuonyesha ya kwamba nafsi ya mtu wa kawaida ni moja kila mahali.

Kadhalika katika desturi. Alitaja mengi ya kwao yaliyomshangaza: kila mtu hula peke yake, na wanaume huwashauri wanawake katika mambo. Lakini aliongeza ya kwamba ugeni wa kitu ni kwa sababu hukioni mara kwa mara. Kingekuwa cha kila siku usingekistaajabia. Sisi tunaokaa miji ya bandari tunalijua hili. Tunachokicheka kwa mgeni leo, wajukuu wetu watakivaa siku ya Idi.

Aliposimama mbali nao

Usidhani, msomaji, ya kwamba kumfahamu mtu ni kukubali kila alifanyalo. Al-Biruni aliyaeleza matabaka ya Wahindu kwa uangalifu: makuhani, na wapiganaji, na wakulima na wafanya biashara, na watumishi, na chini yao watu wasiohesabiwa katika tabaka lolote, ambao kazi yao ni kuondoa uchafu wa vijiji. Kisha akasema wazi ya kwamba sisi Waislamu tumesimama upande mwingine kabisa, kwa kuwa kwetu watu wote ni sawa illa kwa ucha Mungu, na kwamba hapa ndipo penye kizuizi kikubwa cha kukaribiana.

Hayo ni maneno ya dini yetu, naye aliyanena kwa haki. Walakini mimi niliyezaliwa katika mwambao huu nikiyasoma hushikwa na haya. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Na baada ya hapo wajukuu wa waliokuwa watumwa waliendelea kukumbushwa asili yao katika posa, na katika kukaa msikitini, na katika ugomvi wa uani. Tulikuwa tukiulizana kabila kabla ya kuulizana hali. Bara Hindi nayo, katika katiba yake ya mwaka 1950, ilikataza kumfanya mtu najisi kwa sababu ya tabaka lake, na kazi ya kuliondoa jambo hilo mioyoni ni ndefu kuliko kuliandika. Basi al-Biruni angalikuja kwetu akatuandika kwa insafu ile ile aliyowaandika Wahindu, angaliandika nini?

Yeye mwenyewe hakusalimika na kila upendeleo. Alipenda Kiarabu kuliko Kifarsi kwa kupita kiasi, na lugha ya mama yake aliiona haifai kwa ilimu. Mtu huweza kuwafungulia wengine mlango, na nyumbani kwake pakasalia chumba kilichofungwa.

Siku zake za mwisho

Sultani Masud alimheshimu, naye akamwandikia kitabu kikubwa cha falaki kiitwacho al-Qanun al-Masudi. Imesimuliwa ya kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha juu ya tembo, naye akaurudisha. Aliandika vitabu zaidi ya 100, na vingi vimepotea. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa cha dawa, nacho ndani yake alitaja majina ya kila dawa kwa lugha mbalimbali, Kiarabu, na Kiyunani, na Kisiria, na Kifarsi, na Kihindi, na nyinginezo. Ndipo alipoikumbuka khabari ya yule Mrumi wa utotoni. Alikuwa amepita miaka 80 kwa hesabu ya Hijra, macho na masikio yamedhoofika, na bado anauliza kitu hiki kwenu kinaitwaje.

Yaqut al-Hamawi amepokea khabari ya kufa kwake. Fakihi mmoja alikwenda kumzuru hali yumo katika kukata roho. Al-Biruni akamwuliza juu ya masala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama, ambayo waliwahi kuyazungumza. Fakihi akamwonea huruma, akamwambia ya kwamba hii si saa yake. Akamjibu ya kwamba kuiaga dunia anayajua ni bora kuliko kuiaga hayajui. Fakihi akayaeleza, naye akayakariri na kuyahifadhi. Akatoka, na alipokuwa bado njiani akasikia vilio. Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu chake cha Bara Hindi kilikaa karne nyingi bila ya kusomwa sana, hata Mjerumani Eduard Sachau alipokipiga chapa mwaka 1887.

Mazingatio

Mwaka 1954 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Gordon Allport, aliandika kitabu juu ya taasubi. Alisema ya kwamba kukutana tu hakuondoi dharau. Watu huweza kukaa mtaa mmoja na wakachukiana. Kukutana hufaa zaidi wanapokuwa sawa katika mkutano ule, wana shabaha moja, wanasaidiana, na wakubwa wao wanaliunga mkono jambo. Baada yake wataalamu wamechungua sana, na mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya uchunguzi zaidi ya 500, wakaona ya kwamba aghalabu kukutana hupunguza taasubi.

Al-Biruni hakuwa na masharti hayo. Wakubwa wake walikuwa vitani, na usawa haukuwapo, kwa kuwa yeye alikuwa upande wa mshindi. Lakini alifanya hila moja njema: aliuleta usawa kwa kushuka. Alikaa chini akawa mwanafunzi wa watu walioshindwa. Shabaha moja aliipata katika nyota, ambazo ni za watu wote, na kusaidiana akakupata katika kufasiriana vitabu. Hili ndilo ninalotaka ulichukue katika maisha yake. Mwenye nguvu ndiye apasaye kuanza kuketi chini. Mnyonge amekwisha kujifunza lugha yetu kwa kulazimika; sisi je, tumejifunza nini kwake? Na Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Kitabu chake ya kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane.

Nami nikarudi chuoni. Sikuwahutubia watoto. Nilimwita yule mtoto wa bara karibu yangu, nikaweka mbele yake kibuyu cha maji, na kalamu, na embe, na jiwe, nikamwomba anifundishe majina yake kwa lugha ya kwao. Nikayakariri vibaya. Watoto wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Naye akacheka, akanisahihisha mara tatu. Kisha wenziwe wakataka na wao wafundishwe. Haikuwa kazi ya siku moja, na mzaha haukukoma mara moja. Lakini juma la pili alisoma kwa sauti bila ya kulazimishwa, na herufi zake za halki bado ni nzito, kama vile Kisanskriti cha al-Biruni kilivyokuwa kizito.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujichungua kabla ya kuwachungua wengine, na atusamehe tuliowacheka. Amin.